Siku Tuliyowavua Watoto Masweta

Agnesta, umepokea funguo za bweni na simu ya shule mbele ya Mwalimu Mkuu, ukasaini. Na mimi nilisaini kwamba nimekabidhi. Lakini kazi yenyewe haikuwemo kwenye ile karatasi, ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Mdandu na daftari la mistari, nakuandikia. Wengine mnaobaki shuleni Ukingoni, wapishi na walimu, someni pia, hamkatazwi. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia. Mwalimu Upendo ndiye atakayepiga chapa. Nimemwambia anyooshe herufi tu, maneno ayaache yalivyo. Mara ya mwisho alininyooshea barua nikajikuta nasema "kwa heshima na taadhima" mahali nilipokuwa nimeandika "jamani".

Siku ya kwanza nilifika pale shuleni nimelowa mpaka magotini. Gari la Makambako liliniacha barabarani, nikapanda kile kilima kwa miguu, kitenge kichwani na mvua juu yake. Matroni wakati ule alikuwa Mama Yusta, mama mnene mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza cheti. Alinipa beseni la masweta yaliyofuliwa, yamekaukia jikoni, akasema, "Kesho asubuhi kila moja lirudi kwa mwenyewe."

Nikamuuliza, "Majina yako wapi?"

"Majina ya nini? Sweta lina jina?"

Mnajua shule yetu haijawahi kuwa na sweta la sare. Mwanzilishi wa shule, mama yake Mzee Edson, alisema hapa kwetu mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya rangi ya sweta, kila mmoja avae alilofumiwa kwao. Basi asubuhi nikagawa kwa kukisia. Mtoto mmoja, Zawadi wa Igwachanya, nilimvika jekundu. Akalia mpaka akapaliwa. Nikadhani anasikia baridi, nikamwongezea shuka juu. Akazidi. Mama Yusta akaja, akalivua lile jekundu, akamvika la kahawia lenye vifungo viwili, mtoto kimya.

Akaniambia, "Enesi, usianze kumtazama mtoto usoni. Vichwa vyote vimenyolewa, kaptula zote ni moja. Anza na sweta. Ukijua sweta utajua nani amelifuma, na ukijua nani amelifuma utajua mtoto anatoka nyumba gani, na akiumwa utamwita nani."

Hiyo ndiyo semina niliyopata, na ilikuwa moja tu. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nawajua wote, na bibi zao, na vijiji vya bibi zao. Mpaka leo nawajua. Lile la kahawia alilifuma Bibi Anyesi, na kifungo cha tatu hakikupotea, uzi ulimwishia.

Miaka ile kuitangaza shule ilikuwa kazi ya mwinjilisti. Tulimpelekea kikaratasi, naye Jumapili baada ya ibada akakisoma kwenye matangazo, katikati ya mbuzi aliyepotea na harusi ya mtu. Siku moja aliyachanganya akatangaza kwamba Shule ya Ukingoni ni ya rangi nyeupe, ina kamba shingoni, na atakayeiona atoe taarifa. Tulicheka mpaka mchungaji akafunga kitabu. Lakini mwaka ule tulipata watoto wengi sana, kwa sababu kila mtu aliikumbuka shule iliyofungwa kamba. Wazazi wakiwa na jambo walikuja wenyewe, au walituma neno kwa dereva, au nilikwenda mimi siku ya gulio. Unafika, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, unauliza za kwao, za shamba, za mgonjwa, za ng'ombe. Shauri lililokupeleka linakuja baada ya uji. Ukitanguliza shauri watasema huyu kafundishwa na nani.

Mama Yusta alistaafu, nikashika funguo mimi. Halafu zikaja simu, kwanza vile vitochi vya kupiga na kupokea, baadaye hizi za kupangusa. Na zikaja shule nyingine, zenye mabasi ya rangi ya njano yanayopita mpaka mlangoni kwa mtu. Watoto wetu wakaanza kupungua kidogokidogo. Hukuona siku walipoondoka, unaona tu mwaka huu vitanda vya ukutani havina godoro.

Mwezi wa tano wa mwaka ninaotaka kuwasimulia, Mzee Edson, ambaye ndiye mwenye shule baada ya mama yake kufariki, alituita wote bwaloni. Hakuzunguka.

"Darasa la kwanza lina madawati kumi na tano," alisema. "Januari nikikuta hayajajaa, wawili wawili, nafunga. Kuna bwana anataka bwalo na mabweni aweke parachichi. Amekwisha kuja kutazama. Amependa paa."

Mpishi wetu Tito akauliza, "Na sisi, Mzee, amependa?"

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Msafiri, aliandika ile Januari kwenye daftari lake akaipigia mstari mara mbili, kana kwamba tungeweza kuisahau.

Ndipo akapewa kazi Mwalimu Upendo. Alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ametoka chuoni Dar es Salaam, binti wa Makambako hapohapo lakini mwenye haraka za kule. Akaambiwa aiweke shule mtandaoni. Alikuwa na bidii, siwezi kumsema vibaya. Alifungua ukurasa fesibuku, akafungua na grupu la wazazi wasapu. Kila siku aliweka tangazo la Kiingereza lenye maua pembeni. Siku moja akaweka picha ya watoto wa nchi za watu wamevaa makoti meupe, wanachungulia chupa zenye maji ya bluu. Mzazi mmoja wa Makambako akaandika, "Hii maabara iko jengo gani? Mimi nimewahi kuona choo na jiko tu." Upendo akaifuta picha. Waliobonyeza laiki walikuwa rafiki zake wa chuoni, na mmoja wao alikuwa anaomba kazi.

Alikuja jikoni amenuna. "Bibi Enesi, hawa wazazi hawajibu. Wanasoma tu, tiki zinageuka bluu, kimya."

Nikamwambia, "Umewasalimia?"

"Bibi, hili ni tangazo, si barua."

"Basi na wao wamelisikia tangazo, wanaendelea na shughuli zao."

Hakunielewa, na mimi nikaona nisimfundishe mwalimu.

Sasa ikaja Julai. Mnaijua Julai yetu. Asubuhi nyasi za uwanjani zimeganda nyeupe, ukizikanyaga zinalia kama unatafuna mahindi makavu, na upepo wa Makambako unapita katikati ya mbao za ukuta kama una ufunguo wake. Upendo akaleta mpiga picha kutoka mjini. Alitaka picha moja kubwa ya watoto wote mbele ya shule, ya kuweka juu ya ukurasa. Watoto wakapangwa. Mpiga picha akatazama, akakunja uso.

"Mwalimu, hawa mbona kama soko la mitumba? Kijani, zambarau, huyu ana mistari kama pundamilia. Shule haionekani."

Upendo akanigeukia. "Bibi, tuwavue masweta. Dakika tano tu. Mashati meupe yatapendeza."

Nikamwambia, "Mwanangu, kuna baridi."

"Dakika tano, Bibi. Kwa ajili ya Januari."

Ile Januari ndiyo iliyonimaliza. Nilichukua tenga la kuni, nikalifuta, nikapita mstari kwa mstari nikiwavua. Nataka ieleweke hapa kwamba mkono uliovua ulikuwa wangu. Upendo alisema, lakini angeweza kusema mpaka jioni, wale watoto wasingemvulia mtu mwingine.

Dakika tano zikawa nusu saa, maana mpiga picha alikuwa analisubiri jua litoke nyuma ya wingu. Lilipotoka akasema, "Chekeni!" Watoto meno yalikuwa yanagongana wenyewe, kwa hiyo kwenye picha wanaonekana wanacheka sana. Ilikuwa picha nzuri kweli. Mashati meupe, anga ya bluu, milima nyuma. Upendo akaiweka kwenye ukurasa na kwenye grupu mchana uleule, na kwa mara ya kwanza wazazi wakajibu.

Wa kwanza aliandika, "Sweta la mwanangu liko wapi?"

Wa pili, "Na la wangu?"

Wa tatu akasema amesikia shule inayauza. Wa nne akasema hapana, yamekatazwa, wanataka tununue ya sare. Kufika kesho yake asubuhi habari ilikuwa imefika Iwawa, kule juu Makete ambako baridi yetu wanaiita joto. Bibi wa kule alimpigia mwanawe aliye Dar es Salaam, mwanawe akampigia Mwalimu Mkuu, akamwuliza kama shuleni kwetu watu wana akili timamu au zimeganda. Mwalimu Mkuu akaona atulize. Akaandika kwenye grupu, "Uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Hapo ndipo lilipolipuka. Mzazi mmoja alijibu, "Usumbufu? Mtoto ametetemeka, wewe unasema umejitokeza? Umejitokeza wapi, porini?" Watu wakaanza kujitoa kwenye grupu, mmojammoja, na kila akitoka simu inaandika fulani ametoka, kama karani wa kijiji.

Jumatatu akaja Mama Faraja kutoka Igwachanya, juu ya bodaboda, kitenge kimejaa vumbi. Faraja alikuwa darasa la pili, mtoto mpole, sweta la kijani lililofumwa na bibi yake mzaa baba, Bibi Tulalumba wa hapa Mdandu. Hakunisalimia. Mama ambaye siku zote alinipigia magoti kidogo, siku hiyo alisimama kama mti.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Mama Faraja, karibu kwanza ukae."

"Sikai. Mama mkwe tangu Ijumaa hali chakula. Ananiuliza mimi, sweta langu mmelitupa wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyemvua. Bibi Enesi, wewe! Ningesikia ni mwingine ningesema hajui. Wewe unajua!"

Faraja akatoka na tranka lake, sweta amevaa, akanipungia mkono. Mama yake akaushusha ule mkono.

Mchana akaja Mzee Edson. "Nimewaambia mtafute watoto," alisema, "mnawafukuza hata waliopo? Tena kwa picha mliyoilipia!" Akamwambia Mwalimu Mkuu binti yule aondolewe mwisho wa mwezi, ukurasa ufungwe, na yule bwana wa parachichi aambiwe ajiandae. Upendo alikuja kulia jikoni kwangu, nyuma ya magunia. Nilimpa uji. Nikamwambia, "Nyamaza, unanitilia chumvi kwenye uji. Nipe hiyo simu."

"Ya nini, Bibi? Wote wamekasirika."

"Ndiyo maana naitaka. Nionyeshe panapoongelewa."

Kuandika kwa kidole kungenichukua mpaka Pasaka. Akanionyesha ile alama ya kipaza sauti, unabonyeza, unashikilia, unasema, unaachia. Mara tatu niliachia kabla sijasema. Mzazi wa kwanza, Mama Baraka, alipokea kutoka kwangu "Aa", "Je", na "Hii inaf". Ya nne ilikwenda sawa.

Sikusema kwenye grupu. Huwezi kuomba radhi sokoni kwa watu wote mara moja, unapita nyumba kwa nyumba. Nilikaa kwenye ngazi za bweni baada ya masomo, watoto wakapita mmojammoja mbele yangu wamevaa masweta yao, na kila aliyepita nilimwita mzazi wake kwenye simu. Nilisema hivi, nakumbuka: "Mama Baraka, kamwene. Ni mimi Bibi Enesi wa bwenini. Habari za nyumbani, habari za mguu wa baba? Baraka yuko mbele yangu. Amevaa lile la bluu alilofuma shangazi yako Roida, lenye kiraka cha kiwiko nilichokitia mimi mwezi wa tatu. Siku ile ya picha mimi ndiye niliyelivua. Hakuna aliyenishika mkono. Nimekosa. Usiku nilimlaza jirani na kitanda changu nimsikilize kifua, hakukohoa. Sikiliza mwenyewe." Halafu Baraka anasema, "Mama, nimeshiba." Basi. Naachia.

Zilinichukua siku mbili, nyumba moja baada ya nyingine. Upendo alikaa pembeni na orodha ya namba, mwanzoni ananong'ona, "Bibi, fupisha, bando!" Baadaye akaacha kunong'ona, akawa anasikiliza. Wazazi wakaanza kujibu kwa sauti zao. Wengine walinigombeza kwanza, ambayo ni haki yao, halafu wakaniuliza kama mtoto anakula.

Kwa Bibi Tulalumba ilikuwa ngumu. Yeye hana simu ya kupangusa, ilinibidi nimtumie kupitia kwa Mama Eliza, jirani yake mwenye duka. Niliomba radhi kama kwa wengine. Baada ya saa nzima ikarudi sauti, na kwanza nilisikia kuku, halafu yeye.

"Enesi! Unanisikia, Enesi? Sweta lile nililifuma jino linaniuma! Shavu limevimba, sindano mkononi, nasema mjukuu wangu asipate baridi! Wewe unamvua upigie picha!"

Nikajibu, "Dada, nimekosa. Najua lilivyokugharimu. Hata mkono wa kushoto umekuwa mrefu kuliko wa kulia, nikajua ulikuwa na maumivu."

"Mkono ni mrefu kwa sababu mtoto atakua!"

"Atakua mkono mmoja?"

Nikaona nimeharibu. Halafu ikaja sauti nyingine, na ndani yake hakuna neno hata moja, ni kicheko tu, cha kwake na cha Mama Eliza na cha watu waliokuja kununua chumvi. Mwishoni akasema, "Mshenzi wewe. Nitauongeza wa kulia."

Mama Eliza, bila kuuliza mtu, aliyapeleka yale mazungumzo yetu kwa dada yake Njombe mjini. Dada akayapeleka kwa mwanawe. Kufika Jumapili yalikuwa yamefika Dar es Salaam, Mbeya na Songea, popote alipo mtu wa huku aliyewahi kuvaa sweta la bibi yake. Nilimpigia Bibi Tulalumba kumpa pole kwa kutangazwa. Akasema, "Acha wasikie. Mchungaji mwenyewe ameniuliza hali ya jino."

Basi watu wakaanza kututumia zao. Bibi wa Iwawa akasema, "Na langu lisemeni, mbona mmemsema wa Mdandu tu?" Upendo ndiye aliyeona njia hapo, na sifa hiyo ni yake. Alifunga kamba uani, kila Ijumaa tukaanika sweta moja, akalipiga picha likiwa peke yake, bila mtoto. Chini yake sauti ya aliyelifuma, kama amekubali, akieleza alilifumaje. Wengine walisema Kibena, mmoja wa Iwawa alisema Kikinga kitupu na hakuna aliyelalamika. Maua ya pembeni na Kiingereza vikaondoka. Kwenye ukurasa watu wakaandika habari za bibi zao mpaka mwalimu akakosa muda wa kusahihisha madaftari. Waliojitoa kwenye grupu wakaomba kurudishwa, wakidai simu ndiyo iliyowatoa. Mwisho wa mwezi ulifika, Mzee Edson hakusema tena habari ya kumwondoa binti wala ya kufunga ukurasa, na sisi hatukumkumbusha.

Agnesta, haya ninayokuambia hapa ni ya kazi, yashike. Picha ya mtoto usiitume mpaka umemwuliza mzazi wake, na umwulize kabla ya kupiga, si baada. Mgonjwa usimtaje kwenye grupu, mwite mama yake pembeni. Usiseme mtandaoni nani analala chumba gani au nani anachukuliwa na nani siku ya kufunga. Tuma asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, au saa ya chakula cha mchana. Na kila anayeuliza ajibiwe siku hiyohiyo hata kama jibu ni kwamba bado unaulizia. Kuna baba mmoja wa Mbeya aliuliza kama huyo bibi wa masweta anajua Kiingereza. Nilimjibu mwenyewe kwamba sijui, ila mwanawe akiamka ana homa sitahitaji kukijua. Mwalimu Upendo aliongeza chini habari za masomo, vizuri tu, na yule baba akaomba fomu.

Fomu ziliombwa nyingi. Lakini Mzee Edson hakuziamini. Alikuja Desemba, Upendo akamwonyesha kwenye simu watu walivyojaa pale ukurasani. Alivaa miwani, akatazama, akavua.

"Binti, laiki haikai kwenye dawati."

"Ni kweli, Mzee," Upendo akasema. "Tusubiri siku ya kufungua."

"Siku ya kufungua nakuja na mwenye parachichi. Mtu ameshangojea vya kutosha."

Mama Faraja, katika miezi yote ile, hakunijibu. Nilimtumia sauti ya radhi kama wengine, tiki zikageuka bluu, basi. Kila mwezi nilimsalimia, nikauliza hali ya Faraja, sikutaja shule. Bluu, kimya. Nilikuwa sijui kama ananisikiliza mpaka mwisho au ananizima njiani.

Nimalizie na siku ya kufungua, maana yaliyofuata mmeyaona wenyewe. Ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ya Januari isiyo na haraka ya kuondoka. Tulikuwa tumeyafuta madawati yale kumi na tano, Tito amepika uji sufuria mbili, kwa imani. Saa mbili asubuhi walikuwa wamefika watoto watatu. Saa tatu walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa amemsindikiza mdogo wake tu. Mzee Edson akafika na yule bwana, kijana mwenye buti za mpira na kalamu sikioni. Mstaarabu, alitusalimia wote, shikamoo kwa kila mzee. Akatoa futi yake ya chuma, akaanza kupima bwalo. Sauti ya ile futi ikivutwa sakafuni, jamani, niliisikia kwenye meno.

Upendo alikuwa dirishani na simu. "Bibi, wanasema gari limekwama kule chini. Wanasema wanapanda kwa miguu."

"Wangapi?"

"Hawasemi. Wanasema tu, tunakuja."

Nikajifunga kitenge nikatoka mlangoni. Kwanza sikuona kitu, mvua tupu. Halafu nikaona tranka la bluu linapanda kilima, chini yake kuna baba. Nyuma yake godoro limefunikwa nailoni, chini yake mama. Halafu wengine. Halafu lile lori la viazi la Iwawa, ambalo halikwami, limejaa watoto na bibi wawili wamekaa mbele na dereva. Nikaanza kuwaita. Huyu wa Roida. Huyu wa Anyesi, kilembwe sasa. Huyu baba wa Mbeya, sikumjua sura lakini niliijua sauti. Niliwaita mpaka sauti ikakauka, na waliokuwa hawajawahi kufika pale walijibu kana kwamba tumeachana jana.

Mama Faraja alikuja katikati yao, ameshika Faraja mkono mmoja, na mkono wa pili mdogo wake wa kike wa kuanza darasa la kwanza. Akasimama mbele yangu, maji yanamtiririka puani.

"Sijaja kwa ajili yako," alisema. "Mama mkwe hanipi usingizi. Kila sauti yako uliyonitumia, akija kwangu anataka arudishiwe mara mbili."

"Salamu zake nimepokea."

"Na picha, Bibi Enesi, nitaulizwa mimi. Si yeye."

"Utaulizwa wewe, mama."

Akanipa mkono wa yule mdogo, nikauliza jina. Akasema anaitwa Tumaini. Nikampeleka darasani na kukuta madawati yamejaa, wawili wawili, na pale mbele wamebanana watatu. Mwalimu Mkuu alikuwa anahesabu kwa kalamu, anafika katikati, anapoteza, anaanza upya. Nilimketisha Tumaini kwenye kiti cha mwalimu, kwa muda.

Bwaloni watu walikuwa wanaingia na matranka, wanatafuta pakavu pa kuyaweka. Mama mmoja alitua tranka lake juu ya ile futi iliyotandazwa sakafuni, akakaa juu yake akaanza kumnyonyesha mwanawe. Kijana wa parachichi alivuta futi mara mbili, haikutoka. Upande wa pili aliyeshikilia ncha alikuwa Mzee Edson. Alikuwa amechuchumaa bado, na anatazama mlango ule unavyomwaga watu.

"Mzee," kijana akamwita, "kaza huko, nimalizie."

Mzee Edson akaiachia ile ncha. Akasimama taratibu, akajipangusa magoti.

"Ndugu yangu," alisema, "hebu sogea kidogo hapo mlangoni. Watoto wapite."